Gavana Asiyetoka Mji Mkuu

Siku niliyoshindwa kwa mara ya kwanza, ghala langu lilikuwa limejaa pomoni. Magunia elfu moja na mia mbili ya nafaka yalikuwa yamepangwa katika mji mkuu, na ng'ambo ya mto mji wangu wa chuma ulikuwa unakufa njaa. Chuma kilikuwa kimerundikana mpaka milangoni mwa nyumba. Wakazi wake, ambao kwenye kioo cha kompyuta si wakubwa kuliko punje ya mchele, walipungua raundi baada ya raundi, nami nimeshika tama nikiwatazama.

"Umenifanya nini?" nikamuuliza Dada Pasi.

"Nimekaa darajani," akasema. "Sijampiga mtu. Nimekaa tu."

Na kweli alikuwa amekaa tu. Alichukua kikosi kimoja cha mikuki, cha bei ya chini kabisa, akakiweka kwenye daraja moja kwa raundi sita. Dola niliyoijenga kwa wiki tatu ikabomoka kwa sababu ya askari kumi waliokaa kitako. Kengele ya pipa la kufulia ikalia, nikatoa mkono kwenye kipanya, maana hiyo ndiyo sheria yetu, nikaenda kutoa shuka.

Sisi ni watu wa dobi ya hospitali. Tuko chini kabisa ya jengo, mahali ambapo hapana dirisha hata moja, na saa tunazijua kwa kile kinachoanguka kutoka kwenye bomba la nguo chafu: asubuhi mapema ni shuka za wodi ya wazazi, kabla ya adhuhuri ni makoti ya kijani ya chumba cha upasuaji, alasiri ni mapazia, taulo na kila kitu kilichosahauliwa mifukoni. Mapipa mawili makubwa huzunguka dakika arobaini na tano kila mkupuo. Katika dakika hizo, kama kikaushio kimejazwa na nguo za jana zimekunjwa, mtu ana ruhusa ya kukaa. Tulirithi kompyuta kuukuu iliyofukuzwa masjala, na ndani yake mtu alikuwa amesahau mchezo wa kujenga dola. Unaanza na familia chache na ng'ombe wawili, unaanzisha mji, unalima, unachimba, unajenga barabara, unajifunza kusoma, unagombana na jirani. Kila mmoja hucheza raundi yake kisha humpisha mwenzake. Kengele ikilia mkono unatoka, hata kama mfalme yuko katikati ya kuuawa.

Dada Pasi ana miaka hamsini na kitu. Anaendesha mashine ya pasi, ile yenye rola mbili za moto zinazomeza shuka upande mmoja na kuitoa upande wa pili imenyooka. Mimi nilimzidi cheo, yeye alinizidi umri, kwa hiyo tuliheshimiana bila kusumbuana. Jina la Gavana alinipa yeye, kwa kejeli, nami nikalipokea kwa mikono miwili. Mpaka wauguzi wa ghorofa ya nne waliniita hivyo.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikishinda kwa mbinu moja. Niliiita Kitovu. Kila mji niliouanzisha niliupa kazi moja tu: huu ulime, huu uchimbe chuma, huu ufume nguo. Hakuna ulioruhusiwa kuwa na soko lake wala kinu chake. Kila kitu kilisafirishwa hadi mji mkuu, kikasagwa huko, kikabadilishwa huko, ndipo kikarudishwa. Mchezo wenyewe unakutuza kwa hilo, maana mji wenye kazi moja huifanya kwa nusu ya gharama, na kila barabara inayoingia mji mkuu huongeza pato. Halafu yuko gavana. Ni kipande kimoja tu, hakuna mwingine, na akikaa mji mkuu pato linapanda kwa theluthi nzima. Sharti ni kwamba asitoke. Akitoka raundi mbili tu, mikokoteni inajazana malangoni, vinu vinasimama, na dola nzima inaanza kukohoa.

Mimi sharti hilo sikuliona kuwa kasoro. Niliona raha. Mara nyingine, bila sababu yoyote ya maana, nilimtoa gavana hatua moja nje ya lango, nikaangalia namba zote zikigeuka nyekundu, kisha nikamrudisha ndani zikawa kijani.

"Una ugonjwa wewe," Dada Pasi aliniambia siku moja. Nikacheka, kwa sababu nilidhani ananisifia.

Jumatatu ile ile ya kushindwa, saa ya chakula cha mchana, mke wangu akapiga simu. Yeye ni mkunga. Miaka sita iliyopita alihamishiwa hospitali ya mji mwingine, safari ya basi ya saa tisa, akaondoka na binti yetu ambaye alikuwa bado ananyonya. Tulikubaliana kwamba nitawafuata baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikazaa mingine mitatu. Kila nilipoomba uhamisho, Matroni, mkuu wetu, aliniuliza swali moja: nikiondoka, nani atawasha boila, lile tangi la mvuke linaloendesha dobi nzima? Na mimi nikajibu, kwa uso wa majonzi, kwamba kwa kweli hakuna.

"Mkuu wa dobi wa huku anastaafu," mke wangu akasema. "Nimeongea nao, wanakutaka. Wanachohitaji ni barua ya ruhusa ya Matroni wako, iwe imewafikia Ijumaa kabla ya saa kumi."

"Unajua tatizo ni boila."

"Naijua sana. Nimelala nayo miaka sita, hiyo boila." Akavuta pumzi. "Nisikilize, baba. Hii ikipita sitakuomba tena. Sikutishi, wala sina hasira. Nimechoka tu. Mtoto akiona begi lako pale mlangoni ananiuliza mgeni ataondoka lini."

Iliniuma, sitaki kusema uongo. Nilikaa juu ya rundo la mablanketi ya wodi ya watoto na simu mkononi mpaka chakula kikapoa. Kisha nikajikaza kisabuni nikapanda kwa Matroni.

Matroni ni mwanamke asiyepoteza maneno. "Nipe mtu mmoja anayeweza kuwasha boila peke yake, mbele ya fundi mkuu," akasema. "Mmoja tu. Nitatia sahihi saa hiyo hiyo."

"Ndiyo tabu yenyewe, Matroni. Hakuna."

"Miaka sita umekosa hata mtu mmoja wa kumfundisha?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikamwambia ile boila ina tabia zake.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Boila yetu ina koki saba, na kila koki ina kibati cha namba. Ukutani kuna mchoro unaoeleza ufungue namba gani kwanza na namba gani baadaye. Mwaka ule, wiki chache kabla mke wangu hajahamishwa, zilienea habari kwamba dobi itapewa kampuni ya nje na sisi tutarudishwa nyumbani. Akaja kijana wa kampuni na daftari lake, akanakili mchoro, akaniuliza maswali yote yaliyofaa. Alipotoka kwenda kunywa chai, nilichukua bisibisi nikabadilisha vibati viwili, cha pili nikakiweka mahali pa cha tano, na cha tano mahali pa cha pili. Mtu akifuata mchoro, mvuke unakimbilia mtaroni kabla maji hayajaingia, na boila inajizima na kugoma. Haimuumizi mtu, ina kinga yake, lakini haiwaki ng'o.

Yule kijana alihangaika siku mbili, akaondoka na daftari lake, na kampuni isirudi tena. Mimi nikapewa barua ya pongezi. Nilikusudia kuvirudisha vibati wiki iliyofuata.

Halafu mke wangu akahama, nami nikapata likizo yangu ya kwanza ya kwenda kuwaona. Nilifika jioni. Binti yangu alikuwa amelala kifuani pangu, bado hajakaa hata saa moja, simu ikaita: boila imegoma, shuka safi zimekwisha, upasuaji wa kesho utaahirishwa. Nikamrudisha mtoto mikononi mwa mama yake nikapanda basi lililokuwa likirudi. Na ndani ya lile basi, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu. Nilisema moyoni: unaona, bila mimi hawawezi.

Vibati sikuvirudisha. Boila hupumzishwa Jumapili moja kila mwezi ili isafishwe, na hiyo ndiyo ikawa siku yangu ya kuwa baba. Nafika Jumamosi jioni, naondoka Jumapili baada ya chakula. Siku nyingine zote saa kumi na moja alfajiri niko chini, koki ya tano kwanza halafu ya pili, nikisikiliza maji yakiingia kwenye mabomba. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe mlango na ufunguo nimeumeza, na bado nilikuwa nawalalamikia watu kwamba nimefungiwa.

Jumanne niliamka na hasira, na hasira ile haikuwa ya boila. Ilikuwa ya daraja. Nilichukua fomu ya kuhesabia foronya, nikaigeuza nyuma, nikaanza kuipigia hesabu Kitovu. Nilimwambia Dada Pasi sitaki kuongea.

"Nani amekuongelesha?" akajibu, akaendelea kulisha rola.

Nilianza kwa kuziba matundu. Kama tatizo ni daraja, nitaweka walinzi darajani. Lakini walinzi wanakula, na chakula chao kinatoka mji mkuu, kinapita daraja hilo hilo. Basi nijenge daraja la pili. Adui naye atatafuta kikosi cha pili, na kikosi ni nafuu kuliko daraja. Nikafikiria ghala dogo katika mji wa chuma: lingewapa raundi nane za uhai badala ya mbili, lakini nafaka isiyosagwa haimlishi mtu, na kinu kiko kwangu. Kila njia niliyoifuata ilinirudisha mlango ule ule. Mji ambao hauwezi kujisagia unga wake utakufa siku barabara itakapofungwa, hata ukiwa umekalia chuma cha dunia nzima. Kwa hiyo kila mji upewe kinu, kidogo, kibaya, cha mbao. Nikapiga hesabu ya hilo pia: mbao arobaini kwa kila kinu, ile nafuu ya kazi moja inapotea, na pato la mji mkuu linashuka kwa robo katika raundi hamsini za mwanzo. Nilichukia kila tarakimu iliyokuwa kwenye ile fomu.

Tangu tuanze kucheza, dola za Dada Pasi zilikuwa za namna hiyo. Vijiji vyake vilijaa vinu vibovu na visoko vya vichochoroni, kila kimoja kikifanya kila kitu vibaya. Panya walimlia nusu ya mavuno. Mimi nilikuwa nimeshajenga chuo kikuu, yeye bado anafundisha watu kuchonga jembe, na nilimcheka mpaka machozi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mwanamke mwenye akili timamu, anayejua kukunja shuka mia tatu kwa saa, acheze hivyo kwa miaka mitatu bila kubadilika.

Tukaanza mchezo mpya, na mimi nikajenga vinu. Ilikuwa kazi ya kudhalilisha. Raundi ya thelathini mji mkuu wangu ulikuwa bado na nyumba za nyasi. Raundi ya arobaini Dada Pasi alikuwa amenipita kwa barabara, kwa ng'ombe, kwa kila kitu.

"Leo unacheza kama mimi," akasema. "Pole."

"Najaribu tu."

"Jaribu. Nani amekukataza?"

Jumatano, pipa la pili likiwa limejaa makoti ya upasuaji, nilifika raundi ya sitini. Miji yangu ilikuwa mitano, yote imechakaa, yote inakula. Alikuja na kikosi chake akakaa darajani kama kawaida yake. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mji wa chuma ukalalamika kidogo, ukapunguza kazi, ukasaga unga wake mbaya. Raundi ya saba Dada Pasi akaondoa kikosi chake, akaniangalia kwa pembe ya jicho. Nikajua nimepatia.

Hapo ndipo nilipomshika gavana. Sikuwa na nia kubwa, ilikuwa mazoea tu ya mkono. Nikamtoa hatua moja nje ya lango, nikasubiri wekundu.

Haukuja. Nikamaliza raundi, nikamsogeza hatua ya pili. Mji mkuu ukashuka kidogo, kama mtu aliyebadilisha upande usingizini, ukatulia. Mikokoteni ilipita. Vinu vilizunguka. Raundi ya tatu watoto wawili walizaliwa katika mtaa wa wafinyanzi. Nilimpeleka gavana mbali zaidi, nikavuka mto, nikapita mji wa chuma, nikafika sehemu ya ramani ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa giza kwangu kwa sababu sikuwa na mtu wa kumtuma huko. Kulikuwa na ziwa. Kulikuwa na mbuga pana yenye farasi wasio na mwenyewe. Dada Pasi alikuwa akilijua ziwa lile tangu mwanzo, alikuwa na kijiji upande wake wa pili.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliumia. Nilikaa mbele ya kompyuta nimenuna, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, kwa sababu mji wa kuchora haukuanguka nilipoondoka. Nilikuwa nimeuonea wivu. Nilitaka uniite. Nilitaka mikokoteni ikwame, wenye vinu wapige kelele, mjumbe apande farasi anifuate ziwani aniambie rudi, tunakufa. Ndipo nikaelewa kwamba kile nilichokuwa nakipenda katika Kitovu hakikuwa ushindi. Mshindi wa kweli angeiona kasoro ya daraja katika mwezi wa kwanza. Nilipenda ule wekundu.

Usidhani ninasema kompyuta ilinifundisha maisha. Kompyuta ile haijui hata tarehe ya leo. Ila nilisikia sauti ya mke wangu ikisema nimechoka tu, na safari hii sikuwa na boila ya kujifichia nyuma yake. Mabomba yalikuwa yananguruma juu ya kichwa changu, mvuke umejaa mpaka kuta zinatiririka, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Kengele ikalia. Sikwenda kutoa nguo.

"Dada," nikasema. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Alizima rola, akajifuta mikono, akanifuata hadi kwenye chumba cha boila. Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nilikuwa nimepanga maneno: kwamba nilikuwa kijana, kwamba kampuni ilitaka kutufukuza, kwamba niliwafanyia wote hisani. Badala yake nikaelekeza bisibisi kwenye koki.

"Hivi vibati," nikasema. "Cha pili na cha tano. Si sahihi. Niliwahi..."

"Mbili ni tano na tano ni mbili," akasema Dada Pasi. "Endelea."

Nikamtazama.

"Cha tatu pia usikiamini sana," akaongeza. "Hicho si wewe. Kimelegea tu, kinazunguka."

"Tangu lini umejua?"

"Tangu mwaka wangu wa pili hapa. Ile homa yako ya siku tatu, unakumbuka? Nilishika mabomba kwa mkono, moja moja, nikaona lipi lina maji na lipi lina mvuke. Bomba halijui kusoma namba. Siku zote tatu niliiwasha."

"Uliniambia mlipeleka shuka hospitali ya jirani."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa jambo asilolipenda.

"La kwanza, mimi sitaki kuamka saa kumi alfajiri," akasema. "Wangejua naijua boila, wangenipa zamu yako bila cheo chako. Hilo nakuambia ukweli wangu. La pili, ulivyokuja. Ulikuja na homa, umevaa koti, unatetemeka, hujanisalimu hata shikamoo, unauliza boila imewashwa na nani. Nikaona nikikuambia ni mimi, utaanguka pale pale."

"Lakini ulijua nina mke. Ulijua nina mtoto kule. Kila mwezi unaniona nabeba begi."

"Nilijua."

"Ungeniambia, dada. Ningekwenda. Miaka minne iliyopita ningekwenda."

Bomba la nguo chafu likatema mzigo kule chumbani, tukausikia ukitua.

"Nilidhani hutaki kwenda," akasema.

Alisema taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayekuonyesha kwamba shati lako limechanika mgongoni. Nilifungua mdomo nimkatalie. Nilitafuta siku moja, katika miaka yote sita, ambayo nilifanya jambo lolote la kweli ili niondoke, si kuomba, kufanya. Sikuipata. Nikaegemea ukuta wa boila mpaka joto likapenya shati, nikalia. Dada Pasi alikaa pale pale kwenye ndoo yake, hakunibembeleza wala hakuondoka.

Baadaye akanyoosha mkono. "Lete hiyo bisibisi," akasema. "Na zamu ya alfajiri naichukua. Lakini cheo wanipe, na hilo utalisema wewe kwa Matroni, si mimi."

Ijumaa alfajiri fundi mkuu alishuka na daftari. Dada Pasi aliiwasha boila peke yake kwa dakika kumi na moja, na mimi nimesimama nje ya mlango nikitazama saa. Mimi hutumia dakika kumi na nne. Saa mbili nilikuwa mbele ya meza ya Matroni, nikamwaga mtama wote: vibati, kampuni, ile likizo, tabasamu la kwenye basi. La tabasamu halikuwa na ulazima, lakini lilitoka lenyewe. Nikamwambia na habari ya cheo cha Dada Pasi.

Matroni aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasukuma barua mbili upande wangu wa meza.

"Hii inakuruhusu kuondoka," akasema. "Nilikuahidi, nimetimiza. Na hii ni ya onyo, inaingia kwenye faili lako, na faili linakwenda uendako. Nakala za zote mbili zinatumwa sasa hivi. Wakizisoma pamoja sijui wataamua nini."

"Nimeelewa, Matroni."

"Upasuaji ulioahirishwa mwaka ule ulikuwa saba," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilishuka ngazi moja moja. Nilipofika ile ya mwisho nilikaa, nikampigia mke wangu kabla sijapata muda wa kupanga maneno. Nilimwambia barua zimekwenda mbili. Nilimwambia kwa nini ni mbili. Nilimweleza habari ya bisibisi, na habari ya mwanamke aliyeshika mabomba kwa mkono.

"Rudia," akasema.

"Ningeweza kuja. Tangu mtoto ana miaka mitatu ningeweza kuja. Si boila. Ilikuwa mimi."

Nilimsikia akipumua, na nyuma yake sauti ya mtoto ikisoma kitu kwa sauti, neno baada ya neno, kwa bidii.

"Sina la kukuambia sasa hivi," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imebadilika, sikuijua. "Nikisema sasa nitasema vibaya. Ongea na mtoto."

Simu ikapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Unakuja?"

"Naja. Wakikubali, naja."

"Kutembea?"

"Hapana. Kukaa."

"Kukaa siku ngapi?"

"Siku zote," nikasema. "Nahamia huko. Tutakaa nyumba moja, mimi na wewe na mama."

Ana miaka saba, ni mtu wa kupima mambo.

"Ngoja nimuulize mama kama inawezekana," akasema. Akaiweka simu juu ya kitu kigumu, na nikasikia miguu yake ikienda mbali, sakafuni, peku, kwenye nyumba ambayo vyumba vyake siwezi hata kuvihesabu vizuri kichwani. Nikaendelea kushika simu.